Tusome Kitabu Kizima: Waraka kwa Wanachama

KWA: Wanachama wote wa chama chetu cha kusoma vitabu
KUTOKA: Katibu
YAH: PENDEKEZO LA KUSOMA MUHTASARI BADALA YA KITABU

Ndugu wanachama,

 

Katika mkutano uliopita baadhi yenu mlitoa pendekezo, na kwa kuwa lilitolewa kwa nia njema, linastahili kujibiwa kwa adabu na kwa hoja. Mlipendekeza kwamba kuanzia sasa kitabu cha mwezi kipitishwe kwanza kwenye programu ya akili mnemba, itutolee muhtasari wa kurasa mbili tatu, kila mmoja ausome kwenye simu yake, kisha tukutane kujadili. Sababu mlizozitaja nazifahamu. Vitabu ni ghali, nakala hazitoshi, foleni za barabarani zinatumalizia jioni, na wengine mna watoto wadogo nyumbani. Mkutano ujao tutapiga kura. Kabla hatujapiga naomba mnisikilize, maana naamini kwa moyo wangu wote kwamba tukilipitisha pendekezo hili chama kitabaki jina tu.

Nitazungumza kupitia kitabu tulichokipanga mwezi huu, Fahrenheit 451 cha Mmarekani Ray Bradbury, kilichotoka mwaka 1953. Wengi tunakijua kwa jambo moja: ni riwaya ya nchi ambamo kumiliki vitabu ni kosa, na kazi ya zimamoto ni kuvichoma. Guy Montag ni mmoja wa zimamoto hao, na mwanzoni anaipenda kazi yake. Kisha anakutana na Clarisse, binti wa jirani anayependa kutembea kwa miguu na kuuliza maswali. Baadaye anashuhudia mwanamke mmoja akikataa kutoka katika nyumba iliyojaa vitabu vyake. Mafuta ya taa yamekwisha kumwagwa, na ni mwanamke mwenyewe anayewasha kiberiti. Kuanzia hapo Montag hapati tena usingizi wa raha. Anataka kujua ndani ya vitabu mna nini hata mtu akubali kufa navyo.

Ukiishia hapo utasema kitabu kinaishtaki serikali. Soma mbele. Montag akiwa kitandani anaumwa, mkuu wake, Kapteni Beatty, anakuja kumtembelea na kumsimulia jinsi mambo yalivyoanza. Huo ndio uti wa mgongo wa riwaya yote. Beatty anasema amri haikutoka juu. Hapakuwa na tangazo wala sheria mwanzoni. Watu walizidi kuwa na haraka tu. Vitabu vikubwa vikafupishwa hadi vikatoshea kipindi cha redio cha robo saa, vikafupishwa tena vikawa safu ya kusomwa kwa dakika mbili, mwisho vikawa mistari kumi au kumi na miwili katika kamusi. Watu wakaijua Hamlet kwa ukurasa mmoja ndani ya kijitabu kilichowaahidi kwamba sasa wamevisoma vitabu vyote maarufu na hawatapitwa na majirani. Wakati huohuo kila kundi lililochukizwa na ukurasa fulani lilitaka ukurasa huo uondolewe, na wachapishaji, kwa kuogopa kupoteza wateja, waliuondoa. Zimamoto walikuja mwisho kabisa, kuteketeza kitu ambacho watu wenyewe walikuwa wamekwisha kukiacha.

Ndugu zangu, Bradbury aliyaandika hayo zaidi ya miaka sabini iliyopita, katika ghorofa ya chini ya ardhi ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kwenye taipureta za kukodi zilizotaka senti kumi kwa kila nusu saa. Yeye mwenyewe hakusoma chuo. Maktaba ndizo zilizomsomesha. Simu ya mkononi hakuwa ameiona, lakini hamu inayotufanya tuishike saa zote aliijua barabara, na aliona inakotupeleka. Pendekezo letu limo ndani ya hotuba ya Beatty, hatua kwa hatua. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuangalie muhtasari unapoteza nini. Muhtasari wowote wa riwaya hii utawaambieni kwamba Mildred, mke wa Montag, ni mraibu wa televisheni na kwamba mwisho anamripoti mumewe. Ni kweli. Sasa fungueni kurasa za mwanzo. Montag anarudi usiku, chumba kina giza, mkewe amelala chali, redio mbili ndogo zimo masikioni mwake zikimnong'oneza. Mguu wa Montag unagonga kichupa cha vidonge vya usingizi, nacho ni kitupu. Anapiga simu ya dharura. Wanakuja mafundi wawili ambao si madaktari, wana mashine moja ya kumsafisha tumbo na nyingine ya kumbadilishia damu. Wanafanya kazi huku wanavuta sigara, kama watu waliokuja kuzibua bomba la maji machafu, kisha wanaondoka haraka, kwa sababu kila usiku wanaitwa kwa wagonjwa tisa au kumi wa namna hiyo. Asubuhi Mildred yuko jikoni, ana njaa, hakumbuki chochote, na akiambiwa anakana. Siku hiyohiyo anamwomba mumewe ukuta wa nne wa televisheni, ambao gharama yake ni theluthi ya mshahara wa mwaka mzima, ilhali ukuta wa tatu una miezi miwili tu tangu uwekwe.

Aliyepita katika kurasa hizo hana haja ya kuambiwa Mildred ni mtu wa namna gani. Ameingiwa na hofu kwa ajili yake. Amejiuliza kama mwanamke huyu alitaka kufa au alisahau tu hesabu ya vidonge. Mwandishi hajibu, swali analiacha mikononi mwa msomaji, na kila msomaji analibeba kivyake. Muhtasari hauna mahali pa kuweka swali la namna hiyo. Kazi yake ni kuondoa utata na kumpa kila mtu jibu lilelile. Sasa sisi tukikutana kila mmoja amebeba jibu moja lililotoka chanzo kimoja, tutabishana nini? Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na chama hiki kimeishi kwa methali hiyo. Mmoja anamhurumia Mildred, mwingine anamlaumu, wa tatu anatukumbusha kwamba Beatty, mchoma vitabu mkuu, ndiye aliyesoma kuliko wote katika riwaya. Tunaondoka tumechoka na tumepanuka mawazo. Hakuna programu itakayotufanyia hivyo kwa niaba yetu.

Historia inampa Bradbury haki. Tarehe 10 Mei 1933, katika uwanja wa Opernplatz mjini Berlin na katika miji mingine ya vyuo nchini Ujerumani, vitabu vilitupwa motoni mbele ya umati. Waliopanga shughuli hiyo walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, kupitia umoja wao wa wanafunzi. Hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwa wasomi waliokubali kwamba kuna mtu mwingine atakayewachagulia la kusoma na la kuchukia.

Kitabu chenyewe cha Bradbury hakikusalimika pia. Mwaka 1967 mchapishaji wake, Ballantine, alitoa toleo la shule za sekondari, na katika toleo hilo sehemu zaidi ya sabini ziliguswa. Maneno yaliyodhaniwa makali yalikatwa, na mtu mlevi akageuzwa kuwa mgonjwa. Mwandishi hakuulizwa. Kuanzia mwaka 1973 toleo hilo lililokatwa likawa ndilo pekee linalouzwa, hata kwa watu wazima. Kwa hiyo kwa takriban miaka sita Wamarekani walinunua madukani riwaya inayolaani udhibiti wa vitabu ikiwa imepitishiwa mkasi, na jalada halikuwaambia. Bradbury mwenyewe alieleza kwamba waliomwandikia kumjulisha ni wanafunzi waliokuwa wakikisoma. Akadai maandishi yake yarudishwe yote, yakarudishwa. Angalieni nani aliyekiokoa kitabu: wasomaji waliokisoma neno kwa neno. Anayesoma muhtasari hawezi kujua kilichokatwa, kwa sababu kwake vyote vimekatwa.

Msinielewe vibaya nikionekana kuwasamehe watawala. Mkono wa dola katika jambo hili ni wa kweli na una historia ndefu. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika riwaya yake ya Sisi mwaka 1920 na 1921, kuhusu nchi ambamo watu wana namba badala ya majina, wanaishi katika nyumba za vioo, na mwisho wanafanyiwa upasuaji wa kuondolewa uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Katika Umoja wa Kisovieti haikuchapishwa hadi mwaka 1988. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha Kenya: Twendapi?, na humo gerezani akatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986, wanavijiji walizungumza sana kuhusu mtu huyo anayezunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi, hata ikatolewa amri akamatwe. Polisi walipogundua kwamba wanamsaka mhusika wa riwaya, wakaenda madukani kukamata kitabu, mwaka 1987.

Mnaona kilichoitia dola hofu? Ni watu wa kawaida waliokichukua kitabu, wakakifanya chao, wakakizungumza kwa maneno yao. Fikra huru inaanzia hapo, kwa mtu mmoja na kurasa alizozipitia mwenyewe. Udhibiti wa serikali unaipiga vita fikra hiyo baada ya kuzaliwa. Uvivu wetu unaizuia isizaliwe kabisa.

Sasa nije kwenye teknolojia, maana wengine mtasema Katibu anachukia mashine. Sichukii. Hata Bradbury hakuziandika kama adui. Katika riwaya yupo mzee anayeitwa Faber, mwalimu wa zamani wa chuo, ambaye anamwambia Montag kwamba hata redio na televisheni zingeweza kubeba yale yaliyomo vitabuni; hazibebi kwa sababu watu hawakudai zibebe. Faber huyohuyo anatengeneza chombo kidogo cha kuweka sikioni ili amwongoze Montag kwa siri anapokwenda kukutana na Beatty. Na hapo Montag anasema jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alitafakari kabla ya kura. Anasema hataki kuhama upande mmoja kwenda mwingine kisha akaendelea kuambiwa tu la kufanya, kwani hapo atakuwa hajabadilika. Faber, ambaye sauti yake ndiyo iliyo sikioni, anafurahi na kumwona kuwa amekwisha kupata hekima.

Zingatieni kwamba sauti ile ilikuwa ya rafiki na ilisema mambo ya kweli. Bado Montag aliona kwamba kurudia maneno ya Faber si kufikiri. Muhtasari wa mashine unaweza kuwa sahihi kila mstari, na shida yetu itabaki palepale: tutakuwa tumepewa matokeo ya kusoma bila ya kusoma.

Kuna jambo la pili kuhusu teknolojia, nalo ni la umiliki. Katika riwaya ya George Orwell ya 1984, iliyotoka mwaka 1949, Winston Smith anafanya kazi Wizara ya Ukweli, akiyasahihisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na kauli za leo, na nakala za awali zinatupwa tunduni zikateketee. Mwezi Julai mwaka 2009 wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua 1984 na Animal Farm kwenye vifaa vya Kindle walivifungua wakakuta vitabu havimo. Aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza, hivyo kampuni ya Amazon ikavifuta kwa mbali na kuwarudishia fedha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuwa amejiandikia maelezo katika nakala yake ya 1984 kwa ajili ya kazi ya shule. Maelezo yalibaki, kurasa yaliyozihusu zikapotea. Mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani, lakini uwezo wa kufuta ulikuwa umeonekana na kila mtu. Nakala za karatasi za Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm aliyoitoa Fortunatus Kawegere mwaka 1967, zilizomo katika makabati ya shule na nyumba zetu, hakuna awezaye kuzifuta akiwa bara jingine.

Najua hoja yenu kubwa ni muda. Faber analigusa hilo. Anasema tunahitaji vitu vitatu: maandishi yenye uhai wa kweli, nafasi ya kuyatafakari, na haki ya kutenda kulingana na tuliyojifunza. Montag anamjibu kwamba saa za mapumziko zipo nyingi, na Faber anamwuliza kama zipo pia za kufikiri. Swali hilo linatuhusu. Wengi wetu tunapata nusu saa ya kutazama klipu kabla ya kulala. Nusu saa hiyo kila siku inamaliza riwaya hii ndani ya wiki mbili hivi, maana si kitabu kinene.

Mwisho wa riwaya Montag anakimbilia porini na kukuta watu ambao kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Yeye mwenyewe anakabidhiwa Mhubiri. Msidhani hiyo ni ndoto ya mwandishi. Leningrad, mwishoni mwa miaka ya 1930, mshairi Anna Akhmatova alikuwa akitunga Requiem, mashairi ya kuwalilia waliokamatwa, mwanawe akiwa mmoja wao. Kuyaweka nyumbani kulikuwa ni hatari ya kifo. Rafiki yake Lydia Chukovskaya ameeleza jinsi walivyofanya. Katikati ya maongezi Akhmatova alinyamaza, akaonyesha dari na kuta kwa macho, kisha akasema kwa sauti jambo la kawaida, kama kumkaribisha chai, huku akiandika harakaharaka kwenye kipande cha karatasi. Chukovskaya aliisoma kimyakimya hadi ikakaa moyoni, akairudisha. Akhmatova akawasha kiberiti na kuichoma juu ya kisahani cha majivu. Mashairi hayo yaliishi katika vichwa vya marafiki wachache, yakachapishwa Munich mwaka 1963, na kwao mwaka 1987.

Sisi wa lugha hii tuna urithi huohuo. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa katika kumbukumbu za watu kwa miongo mingi kabla Mwalimu Sikujua hajayakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ile. Kama watu wa Mombasa wangejua tu kwa ufupi kwamba Muyaka alitunga juu ya mapenzi, vita na siasa za mji, leo tusingekuwa na shairi hata moja la kusoma.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, nawaomba yafuatayo:

1. Mkutano ujao tulikatae pendekezo la muhtasari. Anayependa kuitumia akili mnemba baada ya kumaliza kitabu, kuhoji neno gumu au kutafuta habari za zama za mwandishi, atumie bila lawama.

2. Kitabu kirefu kipewe miezi miwili badala ya mmoja. Ni heri tusome vitabu sita kwa mwaka tukavijua.

3. Tununue nakala za karatasi kwa mchango wa pamoja, ziwe mali ya chama, zizunguke kwa daftari la kuazimia. Asiyekuwa na uwezo wa kuchanga asione haya. Apewe nakala kwanza.

4. Wenye macho mabovu, wenye watoto wachanga na wanaoshinda barabarani wasomewe. Wapo kati yetu wenye sauti nzuri, na simu zinarekodi. Kusikiliza kitabu kizima ni kusoma.

5. Kila mmoja aje mkutanoni na swali moja alilolipata kitabuni mwenyewe, kabla hajasikia maoni ya mtu yeyote. Swali hilo liandikwe, na mwenyekiti aanze na maswali hayo kabla ya mengine yote.

6. Kila mwanachama achague ukurasa mmoja au shairi moja kwa mwaka, alihifadhi kwa moyo, na alitoe mbele yetu.

7. Baada ya Bradbury tusome Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Mwandishi huyo alitiwa kizuizini Kenya katika miaka ya 1980, na bado aliendelea kuwaza jamii yenye haki itakavyokuwa, tena kwa Kiswahili. Tumpe heshima ya kumsoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Mkutano utaanza kwa kura, kisha tutaingia kwenye kitabu. Wale mliotoa pendekezo nawaomba mje na hoja zenu zote na mnipinge mnapoona nimekosea. Kupingana kwa hoja ndiyo kazi tuliyojiwekea tulipoanzisha chama hiki. Ila mje mmekisoma kitabu. Zimebaki siku za kutosha, na nakala mbili za chama ziko kwangu tayari kwa atakayezifuata.

Wenu katika utumishi wa chama,

Katibu